Kupaka rangi ya mabaka kwenye darubini ya bunduki: nianzie wapi, na nisiguse wapi?

Nyika_Kavu

Salaam wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa rangi na wa darubini.

Niko Colorado, na msimu huu nawinda pronghoni (mnyama wa Marekani anayefanana na swala) upande wa Wyoming, kwenye nyanda za wazi zenye vichaka vya seji na nyasi kavu. Bunduki ni .270 yenye kitako cha polima rangi ya udongo. Darubini juu yake ni nyeusi ti, 4-16x44 (inakuza mara 4 hadi 16, lenzi ya mbele milimita 44), mrija wa milimita 30, nobu za kurekebishia ziko wazi bila vifuniko, na nobu ya umbali iko ubavuni. Ringi zinazoishikilia kwenye bunduki ni za aluminiamu. Jua likipiga, mrija mzima unang'aa na unaonekana kama bomba lililolazwa juu ya bunduki.

Nataka kuivunja hiyo nyeusi kwa rangi ya mabaka. Maswali yangu:

1. Rangi ya kopo la kupuliza inatosha, au nipeleke kwa mtu wa Cerakote (ile rangi ngumu ya kauri ya silaha) au wa kuchovya kwenye maji?
2. Niifungue kwenye ringi au nipulize ikiwa imefungwa?
3. Pete ya zumu na nobu nizifanyeje zisigande?
4. Mabaka yaweje kwa mazingira hayo?

Gereji ninayo, ila haina hita.

FundiKopo

Mkuu, kopo linatosha kabisa, na kwa darubini iliyokwisha kuunganishwa kiwandani ndiyo njia salama kuliko nyingine zote. Ukikosea unarudia. Nakupa utaratibu mzima, usiruke hatua.

Vitu vya kuandaa. Makopo matatu ya rangi ya mabaka isiyong'aa. Rust-Oleum na Krylon wote wana mfululizo wa aina hiyo. Chukua kaki, kijani cha mzeituni na kahawia. Nyeusi achana nayo, hutaihitaji. Kopo moja la gramu 340 hivi lingepaka darubini kadhaa, kwa hiyo usihofu kuishiwa. Ongeza alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, glavu za naitrili, maskingi tepu ya bluu ya wapaka rangi, kadibodi nyembamba, vijiti vya meno, na kipande cha Scotch-Brite (kitambaa cha kukwaruzia) cha kijivu, kile laini kabisa.

Bunduki kwanza. Toa risasi, toa bolti, weka risasi chumba kingine. Ndipo ushike darubini.

Kuifungua au kutoifungua. Ifungue, lakini kabla ya hapo piga alama za penseli kwenye tepu zinazoonyesha kingo za ringi kwenye mrija. Kisha zungushia tepu sehemu zote mbili zinazokaa ndani ya ringi, upana uleule wa ringi. Hapo pasipakwe kitu. Koti moja la rangi likikauka lina unene wa takriban maikromita 25. Makoti manne ni sehemu ya kumi ya milimita. Rangi ya kopo ni laini kuliko aluminiamu, kwa hiyo ukikaza ringi juu yake inabonyea na kusogea taratibu kila bunduki inapopiga teke. Skrubu zinalegea, darubini inateleza mbele, na unabaki kujiuliza kwa nini zero, yaani pale risasi inapotua ukilenga, inahama. Watu wanalaumu darubini kumbe ni rangi iliyoko chini ya ringi.

Ringi zenyewe paka nje tu. Ndani, kwenye nyuso zinazokutana na kwenye matundu ya skrubu, ziba kwa tepu.

Kusafisha. Futa mrija wote kwa kitambaa kilicholowa isopropili, kisha kingine kikavu. Usimwagie, futa. Asetoni na thina visikaribie kabisa: vikipenya kwenye maungio vinavimbisha oringi (pete za mpira za kuziba) ndani, na oringi zikiharibika gesi kavu iliyojazwa kiwandani inatoka, unyevu unaingia. Asubuhi ya baridi utaona ukungu ndani ya lenzi, na huo haufutiki kwa nje. Baada ya kufuta, usiguse tena kwa mkono mtupu. Alama ya kidole yenye mafuta ndipo rangi itakapobanduka kwanza.

Kukwaruza. Pitisha Scotch-Brite mkavu kwa mkono mwepesi mpaka ule mng'ao uwe umefifia. Hutaki kufika kwenye chuma cheupe, kwa sababu tabaka la anodaizi ndilo linalokinga aluminiamu. Msasa wa namba ndogo ni kosa. Futa tena vumbi kwa isopropili.

Kuziba. Hapa tumia muda mwingi kuliko kupaka.

Lenzi: usibandike tepu kwenye kioo. Gundi inabaki kwenye tabaka la kuzuia mwako, na tabaka hilo ni jembamba kiasi kwamba ukisugua gundi unaondoa na lenyewe. Kata duara la kadibodi linaloingia kwa kubana kidogo ndani ya mdomo wa mbele, likae juu ya ukingo bila kugusa kioo, kisha bandika tepu kuzunguka. Nyuma vilevile. Kama mdomo wa mbele una nyuzi za kufungia kivuli cha jua (kile kibomba cha kukinga lenzi na jua), tepu izifunike zote. Rangi ikiingia kwenye nyuzi, kivuli hakitaingia tena.

Pete ya zumu: pana mfereji mwembamba kati ya pete na mrija, pande zote mbili. Rangi ikiunganisha mfereji huo, mara ya kwanza ukizungusha itapasuka kwa vipande na vumbi lake litasagika kwenye oringi. Kata ukanda wa tepu wa milimita 3 na uupitishe juu ya mfereji, ubonyeze kwa kijiti cha meno. Ukanda huo ukate juu ya kioo cha dirisha kwanza, si juu ya darubini, maana kisu kitaacha mkwaruzo wa kudumu. Namba za zumu na nukta yake ya kusomea nazo ziba.

Nobu: ushauri wangu ni uziache nyeusi kabisa. Zifunike zote tatu kwa tepu hadi kwenye shina. Zina namba, mistari midogo, na nyingine hunyanyuka ukizivuta ili zifunguke. Kifuniko cha betri, kama kipo, kipake juu tu kikiwa kimefungwa, kisha kifungue na ukifunge mara kadhaa kabla rangi haijakomaa.

Namba ya utambulisho chini ya mrija ifunike na ibaki inasomeka. Utaihitaji siku ya kudai waranti.

Kupaka. Kwa gereji isiyo na hita, subiri siku ambayo joto liko kati ya nyuzi 10 na 32, unyevu chini ya asilimia 65. Colorado unyevu si tatizo, baridi ndiyo. Kopo likiwa baridi, liweke kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 40 kwa dakika kumi. Usizidishe, onyo la kopo ni lisipite nyuzi 49. Litikise dakika nzima baada ya kusikia gololi inacheza.

Ning'iniza darubini kwa waya uliopita chini ya shina la nobu iliyozibwa. Puliza kutoka sentimita 25 hadi 30. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye mrija, pita, acha baada ya kuuvuka. Koti la kwanza liwe kama vumbi tu, uone nyeusi bado inachungulia. Ngoja dakika 10 hadi 15, la pili lifunike. Ukikaribia sana rangi inalowana, inatiririka na kung'aa. Ukienda mbali zaidi ya sentimita 40 matone yanakauka hewani na kutua kama mchanga, hayashiki, unayakwangua kwa kucha.

Soma maneno ya nyuma ya kopo kuhusu kurudia. Rangi nyingi za aina hii zinataka urudie ndani ya saa moja, au usubiri mpaka siku moja au mbili zipite kulingana na kampuni. Ukipuliza katikati ya muda huo, viyeyusho vya koti jipya vinavimbisha lile la chini ambalo limekauka juu tu, na rangi yote inajikunja kama ngozi ya mzee. Ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye kazi za watu.

Toa tepu ndani ya saa moja baada ya koti la mwisho, ukiivuta kwa pembe, kujirudia yenyewe. Ukiiacha mpaka kesho yake, rangi inakuja nayo.

Kukomaa. Kugusa ni baada ya nusu saa, kukomaa ni siku saba. Ndani ya siku hizo usiifunge kwenye ringi, na usiiweke karibu na dawa ya kusafishia mtutu.

MtaalamuWaVioo

FundiKopo kamaliza upande wa kopo. Naongeza kwa nini njia nyingine mbili ulizouliza zinahitaji tahadhari.

Cerakote ya mfululizo wa H inapikwa kwenye oveni, kwa kawaida nyuzi 121 kwa saa mbili. Kwa mtutu ni nzuri sana, kwa darubini iliyounganishwa hapana. Gundi za lenzi, oringi, grisi ya pete na gesi iliyofungiwa ndani havikutengenezwa kwa joto hilo. Upo mfululizo wa C unaokauka kwa hewa ya kawaida, na huo ndio unaofaa. Unakauka mkononi chini ya saa moja lakini unakomaa kwa siku tano hadi saba. Mwulize fundi wako maswali mawili kabla ya kumwachia: anatumia mfululizo gani, na je, anapiga mchanga? Matayarisho ya kawaida ya Cerakote ni kupuliza chembe za oksidi ya aluminiamu kwa shinikizo, na chembe hizo zikiingia kwenye mfereji wa pete ya zumu hazitoki. Akikujibu kwamba atakwaruza kwa mkono na kuziba maungio, mpe. Akikujibu "usijali," chukua darubini yako uondoke.

Faida ya Cerakote ni kwamba ni nyembamba na ngumu kuliko rangi ya kopo, na haiyeyuki kwa dawa za kusafishia. Hasara yake ni kwamba ukichoka nayo huitoi kirahisi.

Kuchovya kwenye maji, ile filamu yenye picha inayoelea, kunapendeza dukani. Filamu ya PVA, plastiki inayoyeyuka majini, inawekwa juu ya maji ya nyuzi 30 hivi, inalainishwa kwa kipulizio chenye viyeyusho vikali, kisha kitu kinazamishwa taratibu kwa pembe. Maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi si shida kwa darubini nzima. Shida ni viyeyusho vinavyoelea juu ya maji na kukuta kila ungio, pamoja na kwamba filamu haijui mfereji uko wapi, inaufunika wote. Halafu juu yake lazima lije koti la kinga lisilo na rangi, na hata likiandikwa halina mng'ao, linaongeza mng'ao kidogo. Wewe umeanza kazi hii kwa sababu ya mng'ao. Viwandani wanachovya sehemu moja moja kabla ya kuunganisha, ndiyo maana zao hazigandi.

Na hilo la koti la kinga nalisema hata kwa rangi ya kopo: usiweke. Rangi ya mabaka ikikwaruzika, kwaruzo lenyewe ni baka. Unapuliza kidogo hapo, basi.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Mwanga unaomfikia mnyama hautoki kwenye mrija peke yake. Lenzi ya mbele ya milimita 44 ikielekea jua la chini inamweka kama kioo cha gari, na hiyo huwezi kuipaka chochote. Nunua kivuli cha jua cha sentimita 7 hadi 10 kinachoingia kwenye nyuzi za mdomo wa mbele, ukipake kaki nje na ukiache cheusi kisichong'aa ndani. Au nunua kichujio cha matundu ya sega la nyuki. Hicho kinapunguza mwanga kidogo, utaliona hilo alfajiri, ila ni kifupi na hakikwami kwenye mkoba.

Kaskazi77

Wakuu, mbona hamjagusa tepu ya kitambaa? Kwa mtu ambaye darubini yake iko chini ya waranti, au anayewinda seji mwezi wa tisa na msitu mwezi wa kumi na moja, mimi ningeanza hapo.

Ninayoisema ni ile isiyo na gundi, inashikamana yenyewe kwa yenyewe kama bandeji ya michezo. Camo Form ya Gear Aid ni mfano, upana sentimita 5, roli moja lina urefu wa karibu mita 3.6, na darubini nzima haimalizi roli. Anza nyuma ya mdomo wa mbele, zungusha ukipandisha nusu kwa nusu, vuta kiasi tu. Ukivuta sana inakatika baadaye kwenye kingo. Ruka pete ya zumu na nobu. Kata kwa mkasi kabla hujaifunga, usikate ikiwa juu ya mrija.

Ubaya wake ni maji. Ikilowa inakaa mbichi, na skrubu za chuma za ringi chini yake zinapata kutu kabla ya mwezi kwisha. Ukinyeshewa, ifungue usiku huohuo, ianike, ifunge tena asubuhi. Epuka tepu ya kitambaa yenye gundi, ile ya mafundi bomba. Jua likiipiga gundi inatoka pembeni, inakusanya vumbi, na kuiondoa unahitaji viyeyusho vilevile ambavyo FundiKopo amekukataza.

Nyika_Kavu

Nashukuruni sana, hili la unene chini ya ringi sikuwa nalo kichwani kabisa. Darubini imeshapita waranti ya duka, kwa hiyo naenda na kopo, nobu nitaziacha nyeusi.

Bado mawili. Mabaka yenyewe niyapange vipi? Na nikirudisha darubini kwenye ringi, skrubu nikaze kiasi gani?

FundiKopo

Skrubu za vifuniko vya ringi: inchi-pauni 15 hadi 18, yaani karibu nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Tumia bisibisi yenye kipimo, mkono hudanganya. Kama mtengenezaji wa ringi ameandika namba yake, fuata ya kwake. Kaza kwa mpishano, kidogo kidogo, nafasi ya kushoto na ya kulia zibaki sawa. Usitie mafuta kwenye nyuzi, yanafanya kipimo kile kile kibane zaidi ya ulichokusudia, na mrija unabonyea. Halafu zero ianze upya. Hata ukiirudisha kwenye alama zako za penseli, usiende porini bila kupiga karatasi kwa mita 100.

Mfuatanyayo

Kwa mabaka nijibu mimi.

Anza na jinsi mnyama anavyoona. Wanyama wenye kwato wana aina mbili tu za chembe za rangi machoni, sisi tuna tatu. Kwa kulungu wa Marekani jambo hili limechunguzwa vizuri, Chuo Kikuu cha Georgia kikiwa miongoni mwa waliolifanyia kazi: nyekundu na kijani hawavitofautishi vizuri, bluu wanaiona vyema, na hata urujuanimno unawafikia zaidi kuliko sisi. Maana yake usipoteze usiku ukilinganisha kahawia mbili. Cheupe na cheusi, yaani mwanga na giza, ndivyo vya kupanga. Chukua simu, nenda kwenye seji, piga picha bila rangi. Utashangaa: ile nyanda yote ni kijivu cheupe chenye vivuli vichache. Darubini yako iwe hivyo.

Koti la msingi ni kaki, mrija mzima. Juu yake kijani cha mzeituni, mabaka mapana ya sentimita 5 hadi 8, yakipita mshazari na kuvuka kutoka mrija kwenda kwenye ringi. Kwa hiyo koti hili lipulize ringi zikiwa pembeni ya mrija kwa mpangilio wake, ili mstari usikatike ghafla. Jicho linatambua bomba kwa sababu ya mistari miwili iliyonyooka, ya juu na ya chini. Mshazari unaikata.

Kahawia ije mwisho na iwe kidogo. Chukua nyasi kavu na matawi membamba ya seji yenyewe, yashikilie yakigusa mrija, puliza mpigo mfupi. Ukitaka ukingo laini, yasogeze sentimita 2 au 3 mbali na mrija. Mfuko wa wavu wa kufulia ukivutwa juu ya mrija unatoa ngozi ya nyoka nzuri, lakini vijimadoa vidogo vidogo kila mahali ukisogea mita 50 vinachanganyika na kuwa rangi moja ya tope, na bomba linarudi. Baka kubwa lifanye kazi, nyasi ziwe kitoweo.

Kisha hili ambalo wengi hawalifanyi: tumbo la mrija liwe jeupe zaidi ya mgongo. Mwangalie swala tomi wa Serengeti, mgongo kahawia, tumbo jeupe. Jua linaangaza juu na kutia kivuli chini, ngozi inafanya kinyume, na umbo la duara linafutika. Mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer alilieleza jambo hili mwaka 1896. Kwako wewe maana yake ni moja: kijani na kahawia vipulize kutoka juu na ubavuni, chini ibaki kaki tupu. Pronghoni naye kavaa hivyohivyo.

Na usisahau sheria ya huko: Wyoming wanataka vazi la rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, linaloonekana. Darubini ya mabaka haikuondolei hilo. Kwa mnyama chungwa lile ni kijivu tu, kwa mwindaji mwenzako ndilo linalokulinda.

Rungwa_Kwetu

Naongezea kwa wasomaji wa nyumbani, maana uzi huu utasomwa Bongo pia. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hapa nazungumzia Tanzania, kwa wenye leseni na vibali halali vya silaha na vya TAWA (mamlaka ya wanyamapori).

Msimu wa kiangazi miombo ni majani makavu mekundu-kahawia na nyasi za dhahabu. Kaki na kahawia zinatosha, kijani weka kwa tone. Muhimu zaidi, msiige mchoro wa sare za jeshi. Mavazi yanayofanana na sare za JWTZ kwa raia ni kosa, na hutaki silaha yako ilete maswali hayo kwenye kizuizi cha barabarani. Mabaka ya mkono, makubwa, ya rangi za udongo, hayafanani na sare ya mtu yeyote.

Namba za silaha na za darubini zisifunikwe, zinasomwa kwenye ukaguzi. Kwa wanaopita maeneo ya mbung'o: bluu iliyokoza na nyeusi ndizo zinazowavuta, mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kivuli cha jua na mkanda wa bunduki vyenu visiwe vya rangi hizo.

FundiKopo

Hapo umenikumbusha wadudu. Nyika_Kavu, dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha rangi ya kopo, hata iliyokomaa, na inalainisha plastiki. Ukijipaka mkononi kisha ukashika mrija, alama za vidole zitabaki zimenata. Tumia yenye pikaridini, au jipake DEET kwa kitambaa na usiguse bunduki mpaka uoshe mikono. Mafuta ya kulinda silaha nayo yaishie kwenye chuma. Darubini iliyopakwa ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo tu, lenzi kwa brashi yake.

Siku ukitaka kuitoa rangi, usitumie kiondoa rangi cha mabati. Lowesha pamba kwa isopropili, iache juu ya sehemu ndogo dakika chache, sugua kwa kitambaa, hamia sehemu nyingine. Ni kazi ya jioni nzima na rangi iliyokomaa huleta ubishi, ila anodaizi na oringi vinabaki salama.